Dondoo muhimu: Bastola ya kwanza kwa bei nafuu, Marekani

Anza na bastola ya milimita 9. Risasi zake hupatikana karibu kila duka la silaha, tena kwa bei ya chini kuliko za .45 au hata .380, ambazo wengi hudhani ni rahisi kwa kuwa ni ndogo. Usidanganyike na kibastola cha mfukoni: kadiri kilivyo chepesi, ndivyo kinavyoruka mkononi ukifyatua. Jaribu bastola mkononi dukani, ikiwa tupu. Kidole kifikie kifyatulio bila kujinyoosha. Bastola kuukuu aina ya Glock zilizotumiwa na polisi huuzwa nafuu, na mara nyingi zimechubuka nje tu. Tenga fedha za mafunzo na kisanduku cha kufuli. Mwenye viza ya muda, tofauti na mkazi wa kudumu, kwa kawaida haruhusiwi kununua. Ulizia kabla ya kulipa.