Mwethya wa Misumeno: Namna ya Kuandaa Siku ya Wapasuaji Mbao Kambu

Kabla ya kumwalika yeyote, kabla hata ya kutafuta uwanja, jibuni swali moja: gogo litatoka wapi?

Mtu anayetaka kuandaa siku ya misumeno pale Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, anaandaa jambo hilo mahali ambapo mlio wa msumeno wa injini una maana nzito. Wenyeji wakisikia pawasoo ikinguruma kichakani, wengi hawawazi utamaduni. Wanawaza magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya lami, na mlima ulio wazi ambao miaka michache iliyopita ulikuwa na kivuli. Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa. Mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, kisha ikaongeza muda mara kwa mara. Mwandalizi asiyeweza kusema gogo lake limetoka shamba la nani, na kwa kibali kipi, ataonekana amekuja kusherehekea hasara ya majirani zake.

Hata hivyo nasisitiza kwamba siku hiyo inafaa kuandaliwa. Urithi wa mbao wa Ukambani ni mkubwa, na walioubeba mikononi wanazeeka. Wapo wazee waliovuta msumeno wa watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, macho yamejaa unga wa mbao, wakapasua mbao zilizonyooka kwa kufuata uzi uliochovywa kwenye mkaa. Wapo wachongaji wa mizinga ya nyuki, ile inayoitwa mwatu kwa Kikamba, wanaojua gogo lipi litakaa juani miaka mingi bila kupasuka. Na upande wa Machakos, Wamunyu, kuna ufundi wa vinyago uliotokana na Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nyumbani akawafundisha jamaa zake, kazi ikaenea hadi ikawa riziki ya maelfu ya familia. Wengi wa mafundi hawa wamezoea kuulizwa na askari. Ni wachache waliowahi kuulizwa na mjukuu.

Turudi kwenye gogo. Njia iliyo salama ni kutumia mti uliopandwa shambani: mukau, mwarobaini, au mgrivilea uliofikia umri wa kuvunwa. Mukau ndio ningeuchagua mimi. Ni mti wa asili wa nchi kavu za Afrika Mashariki, mchwa hawauwezi kwa urahisi, na mbao zake zinatumika kwa milango na samani. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, kupitia kituo chake cha Kitui, imefanya kazi ya miaka mingi kuuboresha, na leo wako wakulima Kitui na Makueni wanaoupanda kama zao. Mkulima mmoja akikubali kuvuna miti miwili mitatu aliyoipanda kwa mkono wake, siku yenu tayari ina hadithi ya kuanzia. Njia ya pili ni mti ulioangushwa na upepo au ulioondolewa kupisha ujenzi. Mpingo, muhugu na mkwaju wa porini msiiguse. Mbuyu, ambao Wakamba huuita mwamba, hauna mbao za kupasua, na ile iliyojipanga kandokando ya barabara kutoka Kibwezi kwenda Mtito Andei ina kazi kubwa zaidi ikiwa imesimama.

Hata mti wa shambani una karatasi zake. Nendeni ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, iliyo Kibwezi, mweleze mnachotaka kufanya, mwulize kibali cha kukata na kibali cha kusafirisha. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaweka adhabu kali kwa kukata katika msitu wa umma bila idhini, na gogo lililo juu ya lori barabarani halina namna ya kujieleza lenyewe: bila kibali cha usafirishaji litazuiliwa kwenye kizuizi cha kwanza. Mwalikeni ofisa wa misitu aje siku yenyewe. Akiwapo, wapasuaji wataona kwamba hawakuitwa kutegwa.

Uwanja nao uchaguliwe kwa uangalifu. Mkitangaza kwamba siku itafanyika «paki», neno hilo linaweza kuwachanganya watu hapa, kwa kuwa mbuga ziko jirani: Tsavo Magharibi, Vilima vya Chyulu, na Hifadhi ya Ngai Ndethya. Msumeno hauingii huko, hata kwa maonyesho, na hata kuupitisha kwenye gari bila ruhusa ni kujitafutia kesi na Shirika la Huduma za Wanyamapori. Bustani au uwanja wa umma ndio mahali penyewe: uwanja wa michezo wa shule wakati wa likizo, au kiwanja cha mikutano ya chifu. Uwe tambarare, uwe na kivuli upande mmoja, na uwe mbali na barabara kuu. Hili la barabara nalikazia. Malori ya Mombasa hayapungui mchana wala usiku, na watoto waliosikia ngoma na mashine watavuka bila kuangalia. Magari ya wageni yaegeshwe upande uleule wa uwanja, na wawekwe vijana wawili wenye fulana zinazong'aa kwenye njia ya kuingilia, kuanzia asubuhi mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Kuhusu tarehe, msimu wa ukavu wa baridi, kati ya Juni na Septemba, unafaa kuliko Januari na Februari, ambapo jua linachosha wazee na nyasi zimekuwa petroli. Likizo ya Agosti huwaleta nyumbani vijana. Epukeni siku ya soko, epukeni siku za ibada, na malizeni mapema. Ndovu wa Tsavo hutoka nje ya mbuga na kuingia mashambani usiku, na watu wa vijiji vya mbali wanahitaji kufika kwao jua likiwa bado juu.

Chifu na naibu wake waambiwe kwanza, kwa mdomo na kwa heshima, pamoja na wazee wa vijiji. Kisha andikeni taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ya mkutano wa hadhara itolewe si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, mahali, na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hata kama siku yenu ni ya utamaduni tu na mnaamini haiguswi na kifungu hicho, pelekeni barua na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ofisi ya kaunti nayo iulizwe kuhusu kelele, kwa kuwa kanuni za 2009 za kudhibiti kelele zinahusu mashine kama hizi, na kuhusu ada ya kutumia uwanja.

Kazi yenyewe ifanywe kwa mwethya. Hakuna haja ya kuazima mfumo mwingine wa kujitolea wakati Wakamba wana huu, uliojenga matuta ya mashamba na mabwawa ya mchanga Ukambani kote. Katika mwethya kila mtu anajua zamu yake na anayekosa anaulizwa. Gaweni hivyo: kundi la uwanja, kundi la maji na chakula, kundi la usalama, kundi la wageni. Kama mnakusudia kurudia kila mwaka, kisajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ili michango ipitie akaunti ya kikundi na si simu ya mtu mmoja. Kiongozi wa usalama asiwe na kazi nyingine yoyote siku hiyo, na awe na mamlaka ya kumzimia mtu msumeno hata kama huyo mtu ni mjomba wake.

Sasa hatari yenyewe. Wapasuaji wengi wa kwetu hufanya kazi wamevaa ndala au akala, kichwa wazi, masikio wazi. Wamepona miaka yote, na kwa hiyo wataona vifaa vya kinga kama mambo ya wageni. Msikubali. Asiyekuwa na kofia ngumu yenye ngao ya uso, viziba masikio, glavu, buti zenye chuma kidoleni na suruali maalumu ya kuzuia mnyororo hawashi mashine. Suruali ya jinzi haizuii chochote, na helmeti ya bodaboda inaziba macho ya pembeni. Seti mbili au tatu zinatosha ikiwa mafundi watapokezana, na wauzaji wa misumeno mijini mara nyingine hukubali kuazimisha ili bidhaa zao zionekane.

Ajali inayoua haraka ni ile ya msumeno kuruka nyuma. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba ikigusa kuni, mnyororo unang'ang'ania na mashine yote inarushwa kuelekea usoni kabla mtu hajapepesa jicho. Ndiyo maana msumeno ambao breki yake ya mnyororo haifanyi kazi urudishwe kwenye gari bila mjadala. Breki ijaribiwe mbele ya kiongozi wa usalama, kila mashine, asubuhi. Minyororo inolewe kwa tupa siku moja kabla, maana mnyororo butu humlazimisha mtu kusukuma, na anayesukuma huteleza. Mafuta yachanganywe kama kitabu cha mashine kinavyosema. Injini nyingi za siku hizi hutaka mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Kujaza kufanyike injini ikiwa imepoa, mahali palipofyekwa nyasi, na msumeno usogezwe hatua kadhaa kutoka hapo kabla ya kuwashwa. Pawepo ndoo za mchanga, mitungi ya kuzimia moto, na mapipa ya maji yasiyotumiwa kwa kitu kingine.

Msiangushe mti uliosimama mbele ya watazamaji. Mti ukianguka unahitaji nafasi tupu ya angalau urefu wake mara mbili kila upande, na umati haukai mbali hivyo. Onyesheni kukata na kupasua magogo yaliyolazwa na kufungwa imara, nyuma ya kamba iliyo mita 15 kutoka kwa fundi. Watoto wakae chini mbele ili waonekane.

Muwe na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, na gari lenye dereva na mafuta, limeegeshwa kuelekea barabarani, tayari kwenda Kibwezi au Makindu. Mtu akikatwa, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu na msiachie. Damu ya mkono au mguu isipokoma, fungeni mkanda mpana na kuukaza juu ya jeraha, kati yake na moyo, na mwandike saa mliyofunga. Msipake oili, majivu wala udongo. Nambari 999 au 112 ipigwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, wakati wengine wanabonyeza.

Ratiba ianze na zana zisizo na sauti. Saa tatu asubuhi wazee washike shoka na tezo: mzinga uchongwe mbele ya watu, kigoda kitokezwe kwenye kipande cha mwarobaini. Kisha msumeno wa watu wawili, na vijana waruhusiwe kuuvuta, maana ni hapo watakapojua kwamba siri yake ni kuvuta tu: wewe unavuta, mwenzako anaachia, hakuna anayesukuma. Pawasoo zingoje hadi karibu na chakula cha mchana na zipewe saa moja tu. Kelele zake hupita desibeli 100, na mashine ikishaanza hakuna mzee atakayesikika. Wakati huo fundi mmoja aeleze, kabla ya kuwasha, zana hii ilikotoka: Andreas Stihl wa Ujerumani aliunda msumeno wa umeme mwaka 1926 uliobebwa na watu wawili, akafuatisha wa petroli mwaka 1929. Na mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Joseph Cox, alimtazama buu wa mdudu akitafuna kisiki kwa taya mbili, kushoto na kulia, akabuni meno ya mnyororo ambayo mfano wake unatumika hadi leo. Watoto wa Kambu wamewaona wadudu kama hao kwenye kuni za mama zao. Waleteeni kipande cha kuni kilicholiwa, wakishike.

Chakula kiwe cha hapa, muthokoi na ndengu, na wakati wa kula ndio wakati wa kurekodi. Mtu mwenye simu nzuri akae na mzee mmoja mmoja kivulini, mbali na spika, amuulize majina ya miti kwa Kikamba, mti gani ulikuwa wa mzinga, upi wa mpini, upi haukuguswa kwa sababu ulisimama ndani ya ithembo, mahali patakatifu pa ibada. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi. Nakala moja ibaki na familia yake, nyingine shuleni.

Mbao zilizopasuliwa ziwe na mwenyewe tangu mwanzo, tuseme madawati ya shule iliyotoa uwanja, na ziandikwe idadi mbele ya chifu ili zisipotee jioni. Maranda safi yagawiwe kwa wafugaji wa kuku. Yaliyolowa oili yakusanywe kwenye gunia, yasiachwe mahali mbuzi watapita.

Miche isipandwe siku hiyo. Agosti ardhi ni kavu, na mche uliopandwa kwa ajili ya picha utakufa kabla ya Oktoba. Tumieni mwethya uleule kuchimba mashimo Septemba, mpande mvua za vuli zikishika. Kwa mbegu za mukau, ganda lake ni gumu na hazioti bila kuvunjwa na kuchanjwa kwa mkono uliofundishwa, kwa hiyo ombeni maelekezo KEFRI. Kokwa zenyewe si lazima kuzinunua: mbuzi hula matunda ya mukau na kuzitoa zikiwa nzima, na watoto wakitumwa na kikapu kwenye mazizi watarudi nazo.