SOMO: TUJIPIMIE KUMBUKUMBU ZA KOMPYUTA KUUKUU

Mtambo wa zamani unaoongozwa na kompyuta ukisimama, neno la kwanza tunaloambiwa ni, "Umekufa." La pili ni, "Nendeni nyumbani." Kabla ya kukubali, tupime. Huenda iliyokufa ni chipu moja tu ya kumbukumbu.

Tuchukue chipu aina ya 4164, iliyotumika sana miaka ya 1980. Kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa nazo 8. Ina miguu 16 na vyumba 65,536, na kila chumba huweka 0 au 1. Vyumba vimepangwa kama shamba la chai: mistari 256, kila mstari miche 256. Kwanza hutajwa namba ya mstari, kisha ya mche, kwa miguu ile ile 8.

Vifaa: soketi ya miguu 16, waya, kapasita ya mikrofaradi 0.1, taa mbili ndogo na rezista zake, na ubao wa Arduino Uno wenye volti 5.

1. Mguu wa 8 upewe volti 5; wa 16 uende graundi. Tuangalie sana, maana chipu nyingine nyingi za miguu 16 ni kinyume chake. Tukikosea tunaua chipu nzima. Kapasita ikae kati ya miguu hiyo miwili, karibu na soketi.

2. Mguu wa 1 kwa kawaida hautumiki. Ile 13 iliyobaki iungwe kwenye ubao.

3. Programu iandike 0 katika kila chumba na kuisoma; kisha 1; mwisho 0 na 1 zilizochanganywa bila mpango. Mguu wa anwani ukifa, vyumba viwili hujibu kama kimoja, na 0 tupu haziwezi kuufichua.

4. Umeme wa vyumba huvuja. Mistari yote ipitiwe upya kabla ya milisekunde 4 kwisha, na kwa chipu nyingine 2, hata katikati ya kupima.

5. Taa ya kijani ni nzima, nyekundu ni mbovu.

Tuanze na chipu tunayojua ni nzima, kisha mbovu. Kipimo kisichopimwa ni shahidi wa uongo.

Chipu ichomolewe na fundi, umeme ukiwa umezimwa. Majibu tuyaandike, tuyapeleke kwenye kikao na uongozi. Tukidai mtambo utengenezwe, tuwe na ushahidi mkononi.