Mbwa Mdogo wa Manyoya Mengi: Namna ya Kumtunza Kwenye Joto Letu

Umeletewa mbwa mdogo, masikio yamesimama, mkia umelala mgongoni, manyoya yamemvimba kama sufi iliyopasuka. Huyo ni wa ukoo wa spitzi. Mijini kwetu tunawaona zaidi wawili: Pomeranian, wa kilo mbili hadi tatu hivi, aliyepewa jina la Pomerania, pwani ya bahari ya Baltiki kati ya Ujerumani na Poland, na Japanese Spitz, mweupe pe, wa kilo tano hadi kumi. Nasaba yao ni ya nchi za baridi, na hapo ndipo matunzo yake Dar es Salaam au Mombasa yanapoanzia.

Je, nimnyoe apate hewa? Hapana. Manyoya yake ni tabaka mbili: ya nje marefu na magumu kidogo, ya ndani mafupi na laini. Yakichanwa vizuri hupitisha hewa na kumkinga na jua. Jirani yangu alimnyoa wake Desemba, kwa huruma kabisa. Miezi minane baadaye mgongo ulikuwa bado na mabaka, na ngozi ilikuwa imeungua kwa jua. Kwa mbwa hawa manyoya yaliyonyolewa wakati mwingine hayarudi kama yalivyokuwa.

Kinachotakiwa ni kumchana, mara mbili au tatu kwa wiki. Nunua brashi ya pini za chuma na kitana kimoja, hudumu miaka. Tenganisha manyoya kwa mkono mmoja mpaka uione ngozi, kisha chana kutoka hapo kwenda nje. Ukichana juu juu atang'aa, kumbe nyuma ya masikio na kwapani yameshikana kama jamvi. Mwogeshe kila baada ya wiki nne hadi sita kwa shampuu ya mbwa, umkaushe mpaka ndani, maana unyevu ukibaki ngozini huleta vidonda.

Kila jioni, hata siku usiyomchana, pitisha vidole hadi kwenye ngozi. Macho hayatoshi kwa mbwa huyu. Anaweza kukonda, kupata kidonda au kubeba kupe kumi, na bado aonekane mnene na msafi. Gusa ndani ya masikio, shingoni, katikati ya vidole vya miguu. Kitu kigumu kama punje ya dengu ni kupe. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumminya. Kupe huambukiza maradhi ya damu: ukiona mbwa amezubaa, hali chakula na fizi zimepauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Tafadhali usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe. Mwili wa kilo tatu hauihimili.

Matembezi yawe alfajiri au baada ya magharibi. Weka kiganja lamini au sakafuni. Kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde saba, nyayo zake pia zitaungua. Akihema kwa nguvu, akitokwa na mate mazito na kuyumba, joto limemzidi. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari. Kamba usiifunge shingoni. Tumia mkanda wa kifuani. Bomba lake la hewa ni laini na likibanwa mara kwa mara hulegea, akaanza kukohoa kwa sauti kama ya bata bukini.

Chakula hakigharimu sana. Mbwa wa kilo tatu hula gramu 60 hadi 70 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo mbili kwa mwezi. Mtoto wake alishwe mara tatu au nne, kwa sababu sukari ya damu humshuka haraka. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa visimfikie. Piga meno yake mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa, si yako. Meno ya mbwa wadogo huoza mapema.

Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha kwa ratiba ya daktari, mara nyingi kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yako: mara nyingi hutolewa bure kwenye kampeni, hasa karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kama unaishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, fikiria majirani. Mbwa huyu hubweka sana, na kwa Waislamu wengi wa pwani mate yake ni najisi inayotakiwa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Asiachiwe kwenye kamba za nguo wala mlangoni pa mtu.

Huishi miaka 12 hadi 16. Ukimchukua mwanao akiwa darasa la kwanza, huenda bado yupo mtoto akimaliza kidato cha sita.