Kinanda cha santuri cha babu: nyundo ikigonga, kinabaki nini?

Msomaji wetu mmoja, mfanyabiashara wa Tukuyu, ameuliza kama inalipa kuzunguka vijiji vya Rungwe kununua vinanda vya santuri vya zamani, vile vya kutia ufunguo kwa mkono, kisha kuviuza kwenye minada ya Ulaya. Amesikia kuwa Wazungu wanavilipia mamilioni, na anataka kutumia pato lake la kahawa. Kabla hajafungua mkoba, tupige hesabu pamoja.

Mamilioni hayo yapo, ila si kwa kila kitu kinachoimba. Huko Köln, Ujerumani, kuna nyumba ya mnada iitwayo Auction Team Breker ambayo imebobea katika ala za muziki za mashine. Kinachogombaniwa kwenye minada ya aina hiyo ni vitu kama Polyphon, sanduku la muziki lililotengenezwa Leipzig tangu mwisho wa karne ya 19. Sahani yake ya chuma ina meno yanayozungusha vigurudumu vidogo, navyo huchokoza kitana cha chuma mpaka wimbo unatoka. Yale makubwa ya kusimama huuzwa kwa maelfu ya euro, kwa sababu yaliyobaki mazima ni machache na wakusanyaji wanayawania.

Kinachopatikana zaidi kwetu ni gramafoni ya sanduku la kubeba, mfano HMV 102, iliyoanza kutoka mwaka 1931. Ilitengenezwa kwa wingi mno, nayo ilisambazwa kila pembe ya himaya ya Waingereza, Tanganyika ikiwemo. Kwa lugha ya sokoni, ugavi ni mkubwa. Ile nyeusi ya kawaida huuzwa Uingereza kwa pauni 50 hadi 150 ikiwa nzima. Za rangi, kama nyekundu au buluu, hupanda zaidi.

Sasa hesabu. Tuseme nyundo imegonga kwa pauni 100. Mnunuzi huongezewa ada ya mnada, tuseme asilimia 25, kwa hiyo aliyepanga kutumia pauni 125 hunyamaza bei ikifika 100. Ada hiyo humlipa dalali, haikufikii wewe. Wewe nawe unakatwa kamisheni, tuseme asilimia 15. Zimebaki 85. Sanduku la mbao na chuma ni zito. Tukikadiria usafirishaji pauni 60, umebakiwa na 25. Humo bado hujatoa bei uliyomlipa mwenye mali kijijini, nauli ya Tukuyu hadi Dar es Salaam, wala miezi ambayo fedha yako ililala.

Tena hiyo ni mashine nzima. Mvua ya Rungwe inayostawisha chai na ndizi ni adui wa kamani: chuma hushika kutu, mbao hufumuka, na raba ya kichwa cha sauti hukauka ikawa ngumu kama kwato. Wapo wanaodhani dawa ni kupaka rangi mpya na kubadilisha vipuri. Hapo ndipo wanapojichongea, maana mkusanyaji hulipia uhalisi. Kutu kidogo ataivumilia. Rangi ya mlango wa duka hataivumilia.

Jihadhari pia usiuziwe bandia. Gramafoni zenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa na nembo ya mbwa zimeundwa kwa wingi India kwa ajili ya watalii. Ukiambiwa ni ya mwaka 1910 na ukaona skrubu zenye kichwa cha msalaba, rudisha pesa mfukoni. Skrubu hizo zilienea miaka ya 1930.

Uzee peke yake hauna bei. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na makanisa mengi yamekuwa na vinanda vya kukanyaga kwa miguu. Huko Ulaya vinanda vya namna hiyo mara nyingi vinatolewa karibu na bure, kwa kuwa vinachukua nafasi sebuleni na hakuna anayevihitaji.

Ningekuwa mimi, ningefungua kwanza kasha la chini na kutazama santuri. Siti binti Saad alirekodi Bombay kwa HMV mwaka 1928, na kampuni nyingine zikafuata kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sahani zile huvunjika kama chungu, na sindano za chuma zilizotumiwa mara nyingi badala ya mara moja zimezila sana. Zilizopona ni chache, na wanaozitafuta wako Ulaya, Marekani na hapa Afrika Mashariki. Sahani ni nyepesi kuliko mashine, kwa hiyo nauli yake haimezi bei.

Msomaji wetu asinunue hata kimoja bado. Achukue kalamu, aandike jina la kampuni, namba ya sahani na jina la mwimbaji. Apige picha za pande zote mbili, aziwapelekee madalali wawili au watatu, aombe makadirio pamoja na orodha ya makato yao yote. Kisha ndipo akaongee bei na mwenye mali.