Somo: Amana ya Mwenye Meza Sokoni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote njema ni Zake, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyejulikana kwa jina la Mwaminifu kabla ya kupewa Utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Somo hili linahusu mtu anayeuza kwa mkono wake, mbele ya meza yake, matunda na mboga zilizotoka shambani moja kwa moja, bila ya dalali kati yake na mlaji. Watu wengi hudhani kwamba biashara ndogo ya namna hii haina mas-ala ya kuulizwa. Ukweli ni kinyume cha hayo. Mwenye duka kubwa huweza kusema kosa ni la msambazaji au la karani. Mwenye meza hana wa kumtupia lawama. Amana yote imo mikononi mwake.

SURA YA MAS-ALA

Wanavyuoni hupiga mifano yao kwa majina ya Zaidi na Amri. Tuchukue mfano wa Zaidi, raia wa Oman mwenye asili ya Unguja, anayeishi na ahali yake Manfuha, kusini ya mji wa Riyadh. Manfuha hapo kale kilikuwa kijiji mbali na mji, kando ya Wadi Hanifa, na ndiko alikotoka Al-Aasha, mshairi mashuhuri wa zama za Ujahilia. Leo ni mtaa uliosongamana, wenye wageni wa mataifa mengi.

Zaidi amepata leseni ya kuuza mazao. Kila msimu wa tende mbivu huenda Al-Kharj, mwendo wa kilomita 80 hivi, hununua kwa wakulima tende za khalasi, nyanya na matango, akaja kuuza. Jirani yake Amri, aliyetoka Tanga, ana ikama ya udereva kwa kafili mwengine. Naye anatamani meza. Amemwendea Zaidi akamwambia: "Ndugu yangu, nipe jina lako. Mtaji wangu, kazi yangu, na hasara yangu. Wewe kila mwezi nitakupa riyali 500 ukiwa umekaa nyumbani."

Je, Zaidi akubali?

KWANZA: UTUKUFU WA CHUMO LA MKONO

Kabla ya jawabu, na ifahamike kwamba kuuza mezani si unyonge. Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, aliyeshika uongozi wa madhehebu huko Basra baada ya Imam Jabir bin Zaid, alijulikana kwa lakabu ya Al-Qaffaf, yaani msusi wa makapu. Kutokana na majlisi yake wametoka wabebaji wa elimu waliokwenda Oman, Yemen, Khurasani na Maghribi. Elimu yake haikumtoa katika kazi ya mkono, wala kazi ya mkono haikumpunguzia elimu.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwawekea Waislamu soko lao, akakataza wasitozwe ushuru ndani yake. Ikawa ada ya masoko yale kwamba aliyetangulia mahali ndiye mwenye kupastahiki mpaka aondoke, kama ilivyo katika misikiti. Kwa hivyo lengo la Amri ni jema. Mtu anayetafuta riziki ya watoto wake hatafutiwi aibu. Lakini lengo jema halihalalishi njia isiyo sawa.

PILI: JINA LILILO JUU YA LESENI

Raia wa nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba wana fursa ya kufanya shughuli za uchumi katika nchi za wenzao, kwa mujibu wa Soko la Pamoja lililoanza tarehe 1 Januari 2008. Kwa hivyo Zaidi kufanya biashara kwa jina lake, kwa kufuata masharti ya leseni, hakuna ubaya. Ama Amri, ameingia nchini kwa mkataba wa kazi maalumu, na sheria ya kazi ya Saudia haimruhusu mfanyakazi mgeni kujifanyia kazi kwa hesabu yake mwenyewe.

Jambo alilolipendekeza Amri linaitwa tasattur, yaani kuisitiri biashara ya mtu chini ya jina la mwengine. Sheria ya Saudia iliyotolewa mwaka 2020 imeweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5, na faini isiyozidi riyali milioni 5, au zote mbili. Mgeni hurejeshwa kwao baada ya adhabu.

Wengine husema: "Hiyo ni sheria ya serikali, dini haikuharamisha." Kauli hii haisimami, kwa sababu tatu.

Ya kwanza: Mwenyezi Mungu ameanza Suratul Maida kwa kuwaamrisha walioamini kutekeleza mikataba. Aliyetia saini ikama amefunga ahadi, na ahadi haivunjiki kwa sababu aliyeahidiwa ni serikali au kafili.

Ya pili: leseni ni ushahidi. Inashuhudia kwamba mwenye meza ni Zaidi. Ikiwa mwenye meza kwa hakika ni Amri, basi karatasi ile imekuwa ushahidi wa uwongo uliotundikwa ukutani usiku na mchana.

Ya tatu: zile riyali 500 ni malipo ya nini? Wanavyuoni wa fikihi wamesema faida hustahikiwa kwa moja katika mambo matatu: kwa mali, kwa kazi, au kwa kubeba dhamana. Zaidi hakutoa mali, hakufanya kazi, wala hakubeba hasara. Aliuza cheo chake tu, na cheo si bidhaa. Basi riyali zile ni kula mali ya ndugu yake bila ya haki, hata kama Amri ameridhia, kwani aliridhia kwa dhiki.

Wala madhara yake si ya kufikirika. Wazee wa Manfuha wanakumbuka Novemba 2013, ulipomalizika muhula waliopewa wageni wa kutengeneza karatasi zao. Mtaa ule ulizuka machafuko, watu wakapoteza maisha, na maelfu ya wageni wakarejeshwa makwao. Mtu wa namna hii akishikwa, meza na mtaji wake havina wa kuvidai. Mkataba wa siri hauna kadhi wa kuusimamia.

Basi Zaidi amwambie Amri nini? Asimfukuze kwa maneno makavu. Amwambie: "Jina langu siliuzi, lakini nafasi ipo." Afuate njia ya kisheria ya kuuhamisha udhamini wa Amri, amwajiri mezani kwake kwa mshahara unaojulikana, kwa mkataba ulioandikwa. Hapo mali ni ya Zaidi, hasara ni ya Zaidi, na Amri ana haki ya mshahara wake hata siku ambayo tende hazikununuliwa. Huo ndio msaada.

Na akiuliza mtu aliyekwisha kufanya tasattur zamani: je, nyanya alizouza ni haramu? Jawabu: mauzo yenyewe ni sahihi, kwani yametimiza nguzo zake. Dhambi iko katika uwongo na kuvunja ahadi. Atubie, aache, na aliyepokea malipo ya jina amrudishie mwenyewe.

TATU: KUTOKA SHAMBANI HADI MEZANI

Mtume (S.A.W.) amekataza kwenda kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni. Amekataza vile vile mtu wa mjini kumuuzia mtu wa jangwani, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake alieleza kwamba asiwe dalali wake. Je, safari ya Zaidi kwenda Al-Kharj imo katika makatazo haya?

Iangaliwe sababu. Mwenye bidhaa njiani haijui bei ya soko, basi anayempokea hununua kwa kumvizia katika ujinga wake. Zaidi akienda kwa mkulima shambani kwake, mkulima akawa anaijua bei ya siku ile, na simu iko mfukoni mwake, hapana kuvizia. Lakini akimkuta mkulima mzee asiyejua kwamba khalasi imepanda, akanyamaza akanunua kwa bei ya wiki iliyopita, ameingia katika maana ya katazo ijapokuwa hakusimama njiani. Lililo salama ni amwambie bei ya soko kisha wapatane.

Vile vile asinunue matunda ya mtende ambayo bado hayajaanza kuiva. Katazo la jambo hilo ni mashuhuri, mpaka yaingie wekundu au umanjano. Atakayetoa fedha kabla ya hapo huenda upepo ukaja ukaangusha vyote, na kila mmoja akamdai mwenziwe.

NNE: KILICHO JUU NA KILICHO CHINI

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye chakula akasema kwamba kilipatwa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wao.

Rundo lile leo ni katoni ya tende. Safu ya juu zimepangwa nono, zinang'ara. Chini ni ndogo, au za mwaka jana zilizopakwa asali. Muuzaji hakusema uwongo hata neno moja. Katoni ndiyo iliyosema uwongo kwa niaba yake. Na kwa kuwa anauza mwenyewe alichokileta mwenyewe, hawezi kudai kwamba hakujua.

Mizani nayo ina sura yake katika Qur-ani, Suratul Mutaffifin, inayofunguliwa kwa onyo la maangamizi kwa wapunjao. Katoni ipimwe kando, uzito wake utolewe. Mwenye kumpimia mtu gramu 900 za tende na gramu 100 za karatasi amempunja, ijapokuwa mshale umesimama kwenye kilo.

Imam Jabir bin Zaid amenakiliwa kwamba ikimwangukia mkononi dirhamu mbovu aliivunja akaitupa, ili asidanganyike nayo Mwislamu mwengine. Hakuirudisha sokoni kwa hoja ya kuwa yeye naye alipewa. Muhammad bin Sirin alimsifu kwamba alikuwa Mwislamu mbele ya dinari na dirhamu. Mwenye meza aliyeletewa kasha bovu na mkulima na afuate mwendo huo: amrudishie mkulima, wala asiipitishe hasara kwa mnunuzi.

TANO: LINI BIASHARA IMETIMIA?

Imepokewa kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajatengana. Mashafii na Mahambali wamefahamu kutengana kwa miili. Wanavyuoni wa Kiibadhi wamefahamu kutengana kwa maneno, yaani kukamilika kwa makubaliano. Nayo ni kauli ya Abu Ubayda iliyomo katika Musnad wa Imam Ar-Rabii bin Habib. Wamaliki na Mahanafi nao hawakuichukua hiari ya kikao.

Mama mmoja jirani, mwenye madhehebu ya Kishafii, amenunua katoni mbili, amelipa, na kabla hajaondoka mezani ameona za bei nafuu kwa mwengine. Anataka fedha zake. Kwa madhehebu ya Zaidi biashara imetimia. Kwa madhehebu ya mama bado ana hiari. Zaidi asitafute ushindi. Ipo njia iliyo bora kuliko mabishano, nayo ni ikala, kumkubalia mwenzio kurudisha. Imekuja ahadi kwamba mwenye kumkubalia Mwislamu ikala, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Ama ikiwa tende zina kasoro aliyoificha, hapo kurudishiwa ni haki ya mama wala si hisani.

Wala asifanye kinyume: bei ikipanda ghafla, ashike rai ya jirani ili aichukue bidhaa yake, na bei ikishuka arudi katika rai ya Abu Ubayda. Madhehebu si nguo ya kuvaliwa kwa hali ya hewa.

SITA: ZAKA

Zaka ya tende zenyewe ni juu ya mkulima, zikifika wasaki tano, nazo ni pishi 300 kwa kipimo cha Mtume: sehemu ya kumi zikinyweshwa na mvua, na nusu yake zikinyweshwa kwa gharama. Zaidi atatoa zaka ya biashara. Mwaka ukitimia, ahesabu fedha alizonazo na thamani ya bidhaa iliyobakia. Zikifika nisabu atoe mbili na nusu kwa mia. Meza, mizani na gari havihesabiwi.

KHATIMA

Mnunuzi huziona tende, haioni nia. Huuona uso wa muuzaji, na kwa uso huo huamini. Basi jina lililo juu ya leseni, bei aliyoambiwa mkulima, na safu ya chini ya katoni ni amana moja, na mwenye meza ataulizwa kwayo yote. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na Kwake ndiko kunakotoka taufiki.

MASWALI YA KUDURUSU NYUMBANI

1. Kwa nini riyali 500 za jina hazikuwa halali kwa Zaidi, na mshahara wa Amri ukawa halali?
2. Ni ipi sababu ya kukatazwa kuwapokea wenye bidhaa njiani? Inahusu nini leo?
3. Eleza tofauti ya ikala na kurudisha kwa kasoro.
4. Mzazi na awaulize watoto: Imam Jabir aliifanya nini dirhamu mbovu, na kwa nini?