Somo: Jirani wa dini nyingine

Wengi wetu tuliokimbia vita tulipokelewa na watu wasio wa dini yetu. Tuangalie mfano wa Wayahudi wa mji wa Pittsburgh, Marekani. Kutaniko lao moja, Dor Hadash, wakati huo lilikuwa likiongozwa na waumini wa kawaida. Mwezi wa 10, 2018, walijiunga na shirika la Kiyahudi HIAS, linalosaidia wakimbizi, wakatenga Sabato moja kwa ajili ya wakimbizi. Wiki moja baadaye, tarehe 27, mtu aliyechukia kazi hiyo aliingia na bunduki katika sinagogi walimosali, akaua watu 11 wa makutaniko matatu.

Waislamu hawakuuliza imani ya wafiwa. Walichanga zaidi ya dola 200.000 kwa mazishi na majeruhi. Mwezi wa 3, 2019, Waislamu 51 walipouawa kwa shambulio la misikiti mjini Christchurch, New Zealand, Wayahudi wa Pittsburgh nao walichanga. Kwetu dola ni chache, lakini mikono tunayo.

Tuulizane: jirani aliyetupokea akifiwa, nani kati yetu ataleta kuni, maji, au jembe la kuchimba kaburi?