Ganzi ya Kidole cha Mwisho: Tazama Kiwiko

Umewahi kujigonga kiwiko ukasikia kama umeme unakimbia mpaka kidole cha mwisho? Hukugonga mfupa tu. Umegonga mshipa wa fahamu. Mshipa huo unapita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, karibu kabisa na ngozi. Ndio unaokifanya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete kisikie moto na maumivu. Ndio pia unaoipa nguvu misuli midogo ya kiganja, ile tunayoitumia kubangua korosho na kushika kalamu.

Mshipa huu ukibanwa au ukivimba, ganzi inakuja kidoleni, kumbe ugonjwa uko kiwikoni. Ndiyo maana mtu anachua kidole miezi na miezi bila nafuu, mwisho anaambiwa amerogwa. Wakati huo mkono hausikii sufuria ya moto, unaungua, na vidole vinaanza kujikunja.

Unabanwaje? Pengine ni kuegemea kiwiko au kulala umekikunja kila siku. Pengine ni mfupa uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Lakini sisi wa Mkotokuyana na Nachingwea yote tusisahau ukoma. Mkoa wetu wa Lindi bado una wagonjwa, na mshipa wa kiwiko ni mmoja wa mishipa ambayo ukoma hupenda kuivamia. Mganga anayejua kazi yake hutafuta baka lisilo na hisia kwenye ngozi, kisha huupapasa mshipa kwa vidole.

Papasa hiyo siku hizi ina msaidizi: ultrasaundi. Kina mama wanaijua, ndiyo inayotazama mtoto tumboni. Inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti inarudi kama mwangwi, na mashine inaugeuza kuwa picha. Eksirei huonyesha mfupa, mshipa wa fahamu hauonekani. Ultrasaundi huuonyesha mshipa wenyewe, umebanwa wapi na umenenepa kiasi gani. Mshipa mzima pale kiwikoni una unene kama punje ya mtama. Ulioumwa huweza kuzidi hapo sana. Haiumizi: unapakwa ute wa baridi, basi.

Ila mashine haisemi mkono una nguvu kiasi gani. Hilo hupimwa kwa mkono. Na si kila anayepima mimba anajua kupima kiwiko, kwa hiyo usishangae ukipewa barua ya kwenda hospitali kubwa.

Jaribu sasa hivi. Nyoosha vidole, bana kipande cha karatasi kati ya kidole cha mwisho na cha pete, mwenzako akivute. Kisha fumba macho, akuguse ncha ya kidole cha mwisho kwa kalamu. Karatasi ikichomoka bila ubishi, au usiposikia kalamu, nenda zahanati wiki hii. Kama ni ukoma, dawa ni za bure, za miezi 6 au 12, na ipo dawa nyingine ya kutuliza uvimbe wa mshipa. Ganzi ambayo haijafika miezi 6 ina matumaini makubwa ya kupona. Ya miaka mingi mara nyingi haiondoki. Kwa hiyo mganga akikuuliza ilianza lini, mtajie mwezi: wakati wa kupalilia, au wakati wa korosho.